Sakitu ya Juni

Kaka yangu Hilarión alikishika kidole gumba changu
kama mtu anayemsaidia mgonjwa,
akakichovya kwenye wino wa zambarau,
akakibonyeza chini, mwisho wa karatasi.
"Ni ya hospitali, Saturnina. Ya dawa za mama."
Nami sikujua kusoma. Nilijua kumwosha mama,
kumgeuza ubavu, kumlisha uji wa kinoa kijiko kwa kijiko.

Mama tulimzika Alhamisi.
Jumamosi akaja mtu na kamba ya kupimia,
akapita katikati ya viazi vyangu
bila kuvua kofia.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Wino, Bwana, mzito kuliko damu.

Nikashuka Llallagua na blanketi moja
na nyundo ya kuazima,
nikaketi na wajane juu ya kifusi cha mgodi
kuponda mawe waliyoyatupa wanaume,
kuchambua bati humo kama mtu achambuaye mchele.
Midomo ilipasuka. Kucha ziliniaga moja moja.
Na kila jioni doña Primitiva,
aliyeketi kushoto kwangu miaka kumi na mmoja,
alijifuta vumbi akasema, "Mungu ana makusudi yake,"
nami nilitamani kumpiga jiwe.

Nikufiche nini? Unajua.
Nilikuomba mvua ya mawe juu ya shamba la Hilarión.
Niliomba kwa magoti, kwa mshumaa wa kununua.
Mwaka ule alivuna kuliko wote bondeni.
Ndipo nilipojua: Wewe si wa kutumwa.

Kisha Juni moja, usiku wa Mtakatifu Yohana,
baridi ile ya kupasua mitungi,
tukatandaza viazi juu ya nyasi kavu,
vile vidogo, vichungu, visivyo na mnunuzi.
Usiku wa kwanza sakitu inaviuma.
Wa pili vinakuwa mawe.
Wa tatu havijijui tena.
Jua likivilegeza, tunavua viatu
tunavikanyaga, taratibu, kwa nyayo tupu,
mpaka vitoe maji yote, na uchungu utoke na maji.
Kinachobaki twakiita chunyo:
chepesi, cheusi, kibaya kutazama,
na hukaa guniani miaka kumi bila kuoza.

Nimekanyaga tangu utoto.
Asubuhi ile nyayo zilisimama.
Sauti sikusikia; sitaongeza chumvi,
hakuna aliyeniita kwa jina.
Niliangalia chini tu, nikaona miguu yangu
imekuwa myekundu, inaungua.
Kumbe anayekanyaga huvua viatu kwanza.
Kumbe baridi humla naye.

Sisemi Wewe uliuongoza mkono wa kaka yangu.
Wizi ni wake, abaki nao.
Nasema tu, pale alipoishia yeye
Wewe hukuishia.

Machi hii amenitumia binti yake.
Bila barua, bila salamu. Yola, miaka tisa,
kuku mmoja hai ndani ya shali.
"Baba amesema shamba limegoma. Amesema utanilisha."
Alisimama mlangoni na macho ya mama yangu
yamekaa vilevile, moja likichelewa kidogo kupepesa.
Ningesema nini?
Nilifungua gunia, nikaloweka chunyo.

Usiku anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari,
nami nyuma yake, nyundo imepumzika: ba, be, bi.
Jana nimeandika jina langu. Lote.
Herufi ya r imelala kidogo, kama mlevi,
lakini ni mimi niliyeilaza.

Hilarión sijamsamehe, si sawasawa.
Jumapili namwachilia, Jumatano namdai tena
mpaka na riba.
Nivumilie, Bwana.
Bado niko nje, kwenye nyasi.
Nadhani huu ni usiku wa pili.